Mnaona Nini? Mazungumzo Kuhusu Kueleza Picha kwa Kiingereza

Klabu ya Kiingereza ya shule moja ya sekondari, upande wa Marangu, ilimwalika mwelimishaji wetu wa afya azungumze na wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Tumeyachapa maneno yake karibu kama alivyoyasema.

Mtanisamehe nimechelewa. Hiace ya kutoka Moshi ilikaa Himo mpaka ijae, na nyie wa huku mnajua "ijae" ya Himo maana yake nini. Tulikuwa watu na kuku.

Mwalimu wenu aliponiita aliniambia kwamba wapo miongoni mwenu wanaojiandaa kwa mtihani wa kuzungumza Kiingereza, ule wa kupewa picha na kuambiwa uieleze kwa mdomo. Nikamwuliza, Mwalimu, mimi ni mtu wa afya, nafundisha mambo ya malaria, hedhi na UKIMWI, kwenye Kiingereza nitafanya nini? Akanijibu, "Wewe si ndiye kila siku unatembea na picha?" Nikanyamaza, maana ni kweli. Hili bango kitita mnaloliona hapa nalibeba kijiji hadi kijiji. Nafungua ukurasa, nawaonyesha akina mama au vijana, kisha nawauliza swali moja tu: mnaona nini? Basi leo nitawauliza na nyie swali hilo hilo, ila mtanijibu kwa Kiingereza.

Kwanza tuelewane kuhusu mtihani wenyewe, maana nimesikia uvumi mwingi. Mtihani wa Taifa wa Kiingereza wa Kidato cha Nne ni wa kuandika. Hakuna mtu atakayekukalisha mbele yake akuonyeshe picha. Ndiyo maana mwanafunzi anaweza kumaliza sekondari akiwa na alama nzuri ya Kiingereza na hajawahi kuongea dakika moja mfululizo bila kusoma mahali. Mitihani ya picha ni ya wale wanaotafuta vyeti vya nje, labda kwa ajili ya masomo, au kazi ya hoteli, au kupeleka wageni mlimani. Inayojulikana zaidi ni ya Cambridge. Katika ule uitwao B1 Preliminary, unapewa picha moja ya rangi na unaieleza kwa muda wa kama dakika moja. Katika B2 First unapewa picha mbili, na hapo kazi yako ni kuzilinganisha na kujibu swali lililoandikwa juu yake, dakika moja vilevile, kisha mwenzako anaulizwa jambo dogo kuhusu picha zako. IELTS hauna picha. Kule unapewa kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa, halafu unaongea mpaka dakika mbili. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada, ulizia mtihani unaotakiwa na mahali unakokwenda. Usije ukafanya mazoezi ya picha miezi sita, ukaingia chumbani ukapewa kadi.

Katika mitihani hii ya Cambridge watahini huwa wawili. Mmoja anazungumza nanyi, wa pili amekaa pembeni, anasikiliza na kutoa alama. Yule wa pembeni huwatisha watu sana. Hana nia mbaya, kazi yake ndiyo hiyo. Watahiniwa nao kwa kawaida huingia wawili wawili. Na wanachopima ni lugha yako: sarufi, msamiati, matamshi yanayoeleweka, mpangilio wa maneno, na namna unavyozungumza na mwenzako. Hawapimi kama umejua picha ilipigwa wapi. Lafudhi ya Kichaga haikunyimi alama, mradi unaeleweka. Naomba mlisikie hilo, kwa sababu wapo wanaopoteza nguvu zao zote kuigiza Waingereza wa kwenye redio, na wakitoka hapo hakuna aliyewaelewa, si Mwingereza wala Mchaga.

Sasa niseme kidogo kama mtu wa afya. Ukiitwa mbele, kuna tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo zako, zinamwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo unakwenda mbio, mikono inatoa jasho, mdomo unakauka, tumbo nalo linakumbuka kwamba halijaenda chooni. Huo si ugonjwa, wala si dalili kwamba huna akili. Ni mwili umejiandaa kukimbia chui, na hapo chui hayupo, yupo mama mmoja mwenye miwani. Dawa yake ni kutoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, mara tatu au nne kabla hujafungua mdomo. Usiku wake ulale. Asubuhi ule chochote, hata uji.

Lakini kuna hofu nyingine ambayo pumzi haiitibu, nayo mmeitengeneza wenyewe humu darasani. Mtu akisema "he" badala ya "she", darasa zima linaangua kicheko, na jina la utani linamfuata hadi bwenini. Mimi nilisoma shule ambako mtu akikosea Kiingereza alikuwa anazomewa. Nikajifunza njia nzuri sana ya kutokosea: kunyamaza miaka minne. Nilipofika chuo kikuu, siku ya kwanza kwenye semina, mhadhiri alinyoosha kidole kwangu na sauti haikutoka. Kwa hiyo klabu hii iwe na sheria moja kabla ya sheria nyingine zote, kwamba anayeeleza picha hachekwi mpaka amalize dakika yake. Akimaliza, mcheke wote pamoja naye kama kuna la kuchekesha.

Tuje kwenye mazoezi. Wengi watanishangaa, lakini nawashauri mwanze kwa Kiswahili. Jana nilimpa mdogo wangu wa nyumbani picha ya kalenda, soko na akina mama, nikamwambia ieleze kwa Kiswahili dakika moja. Akasema, "Ni soko. Kuna watu. Wanauza ndizi." Akaniangalia. Zilikuwa zimepita sekunde nane. Hapo kosa lilikuwa la Kiingereza? Hapana. Macho yalikuwa hayajafanya kazi. Tumezoea kuipa picha jina na kupita. Mtu anayeongea kwa mwendo wa kawaida husema kama maneno mia moja na zaidi kidogo kwa dakika. Huwezi kuyapata kwa kusema "ni soko". Lazima utazame mama wa kushoto ameinama au amesimama, ndizi ziko chini au kwenye majani, jua linatoka upande gani, nyuma kuna nini, nani anamwangalia nani.

Mkishaweza kwa Kiswahili, hamieni Kiingereza, wawili wawili, mmoja ana picha na mmoja ana saa. Picha hazina gharama. Kalenda ya zamani, ukurasa wa gazeti lililofungia vitumbua, picha ya harusi ya shangazi. Hata kwenye gari, ukikaa dirishani kutoka stendi ya Moshi, kila Hiace inaposimama unayo picha mpya mbele yako. Ieleze moyoni kabla haijaondoka. Mimi nilijifunza hivyo. Kiboriloni siku ya soko la mitumba ilinifundisha majina ya nguo kuliko kitabu chochote.

Anza na sentensi moja inayobeba picha nzima, halafu ingia kwa watu, wako wapi, wamevaa nini, wanafanya nini, halafu vitu vilivyo nyuma yao. Makosa nitakayoyasikia nayajua tayari, kwa sababu ni yangu pia. Tunasema "I am seeing a woman" kwa kuwa kichwani tuna "ninaona". Waingereza husema "I can see a woman". Tunachanganya "he" na "she" kwa kuwa "yeye" wetu hachagui. Hilo halitibiki kwa kukariri, ila kwa kuongea polepole mwanzoni, kila mara ukimtaja mtu umtazame kwanza. Na tunasema "he looks like tired". Ondoeni "like". "He looks tired", basi.

Halafu kuna kukwama kwa neno. Kwenye ile kalenda yangu mama amebeba mkungu wa ndizi kichwani, na chini ya mkungu kuna ngata. Ngata kwa Kiingereza? Mnaona, mmenyamaza. Hata mimi nilinyamaza. Sasa, mwenye kufeli hapa ni yule anayesimama kabisa akilitafuta neno darini. Mwenye kufaulu anazunguka: "She has put a ring of dry banana leaves between her head and the load." Watahini hupenda hivyo kuliko neno lenyewe. Jaribuni wenyewe mfereji, ile mifereji ya babu zetu inayoshusha maji kutoka msituni hadi kihambani. Jaribuni mtori bila kusema "mtori". Ni mchezo mzuri wa jioni, na ukiuzoea utakufaa hata hospitali. Vijana wengi wakifika kwa daktari husema "naumwa tumbo", kisha kimya, kama mdogo wangu na soko lake. Tumbo upande gani? Tangu lini? Linakata, linachoma, linavuta? Linazidi ukila au ukiwa na njaa? Daktari hawezi kuingia ndani ya tumbo lako. Anategemea uieleze hiyo picha ambayo wewe tu unaiona.

Jambo lililonileta hasa lakini ni jingine. Katika kueleza picha kuna mambo mawili ambayo lazima uyatenganishe: unachokiona na unachokidhania. Kwa Kiingereza kila kimoja kina maneno yake. Unachokiona, "I can see", "there is". Unachokidhania, "perhaps", "maybe", "it looks as if", "she might be". Anayeyatumia haya ya pili vizuri anapata alama, kwa sababu anaonyesha kuwa anaweza kukisia kwa adabu. Anayeruka moja kwa moja kwenye hukumu anaonekana hajui lugha, na mara nyingi hajui picha pia.

Mfano mzuri mnao hapo nje dirishani, mawingu yakiondoka. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alikuwa anakuja huku kutoka pwani, akaona kileleni kitu cheupe. Kwanza alidhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake wa safari, naye akamwita kile cheupe "baridi". Nampenda sana huyo kiongozi. Hakuwa na neno la theluji, akataja alichokijua juu yake, sawasawa na sisi na ngata yetu. Rebmann akaandika alichokiona, habari ikachapwa London 1849, na huko mtaalamu wa jiografia aitwaye Desborough Cooley, ambaye mlima hajawahi kuuona, akakataa katakata kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na Ikweta. Ubishi uliendelea mpaka Baron von der Decken alipokuja 1861 na tena 1862, akapanda sehemu ya mlima na kuthibitisha. Miaka kumi na zaidi watu walibishana na jicho la mtu aliyekuwepo.

Mlima huo huo unaweza kuwa mtihani wa picha mbili. Ya kwanza ya zamani, ya pili ya sasa, linganisha. Unachokiona ni kwamba barafu imepungua. Ni kweli, wanasayansi walipima wakakuta kwamba kati ya 1912 na 2007 asilimia 85 ya eneo la barafu la Kibo lilikuwa limetoweka. Lakini ukisema "the ice melted because people cut the trees", hilo hukuliona kwenye picha. Hata wataalamu wamebishana kuhusu sababu, joto la dunia kwa upande mmoja, hewa kuwa kavu na theluji mpya kuwa chache kwa upande mwingine. Na pengine picha moja ilipigwa baada ya mvua za masika, kilele kimepakwa theluji ya wiki moja tu. Kwa hiyo, "perhaps".

Sasa naomba mtazame picha hii ya tatu. Ni ya kwenye bango langu, wa nyuma mnaiona? Mwanamume amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mbao. Shati ni kubwa kuliko mwili. Mashavu yameingia ndani. Pembeni kuna ndoo ya maji na kikombe.

Nimeionyesha picha hii katika shule nyingi za mkoa huu, na sitazitaja. Karibu kila mahali, mtu wa kwanza kunyoosha mkono, kama ni kwa Kiingereza, husema, "This man has AIDS." Wengine hucheka, na wa nyuma huongeza kwa Kiswahili cha mtaani, ana ngoma, kakanyaga waya. Na mimi hukaa kimya kidogo, kwa sababu kila mara huwa namwona baba yangu mdogo.

Baba mdogo ndiye aliyenisomesha. Nilipokuwa Kidato cha Pili alianza kukonda. Suruali zikawa zinafungwa kwa kamba. Alikuwa anakunywa maji usiku kucha na kutoka nje kukojoa mara nne, mara tano. Watu wa kijiji walimtazama wakamaliza mtihani kwa sekunde nane: ana UKIMWI. Hakuna aliyemwuliza kitu. Waliokuwa wakinunua maziwa kwake waliacha mmoja mmoja. Kilabuni kikombe chake cha mbege kilitengwa. Na lililoniuma zaidi ni kwamba na yeye mwenyewe aliwaamini. Alijiona kama walivyomwona, akaogopa kwenda kupima, akakaa ndani karibu mwaka mzima. Alipotoka kwenda hospitali ilikuwa kwa sababu ya kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Wakampima sukari. Ilikuwa kisukari, na kilikuwa kimeshafika mbali. Alikatwa vidole viwili vya mguu. Yupo hai, anatumia dawa, anatembea na fimbo, na anapiga kelele kama zamani. Lakini vidole havikurudi.

Tazameni tena ile ndoo na kikombe. Mchoraji aliviweka makusudi. Kiu, kukojoa mara kwa mara, kukonda huku unakula, uchovu, macho kuona ukungu: mtu mwenye hayo apimwe sukari, na apimwe mapema. Katika shule zote nilizopita, waliotaja ndoo kabla ya kutaja UKIMWI naweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Najua macho yetu yamejifunzia wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera 1983, na kwa miaka mingi dawa hazikuwepo. Watu walikonda na kufa mbele ya familia zao, na kila mkondefu akawa anasomwa kama tangazo ukutani. Lakini dawa za ARV zinatolewa bure hapa nchini tangu 2004. Mtu mwenye virusi anayezimeza kila siku kama alivyoelekezwa anaweza kuwa mnene kuliko Mwalimu wenu, samahani Mwalimu, na akawa anawahi namba kila asubuhi na kucheza mpira jioni. Virusi vyake vikishuka hadi kipimo kisivione, na akaendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Basi ile sentensi "This man has AIDS" ina makosa pande zote mbili. Mwenye virusi huwezi kumjua kwa kumtazama, na uliyemtazama ukadhani anavyo, huenda anaumwa kitu kingine na anahitaji msaada leo. Kinachojibu ni kipimo. Na majibu ya kipimo ni ya aliyepimwa, si ya jirani.

Mtaniambia, dada, sisi tulikuja kujifunza Kiingereza. Ndicho hicho. Nipeni dakika moja ya picha hii kwa sentensi zangu: "In this picture I can see a man sitting outside a wooden house. He is very thin and his shirt looks too big for him. Next to him there is a bucket of water and a cup. He might be ill, or perhaps he is just tired. I wonder if somebody is going to sit with him." Mmeona? Hakuna neno gumu hata moja. Ile sentensi ya mwisho haimo kwenye picha, lakini nimesema "I wonder", nimekiri kwamba ni mawazo yangu.

Nimeleta picha kumi na mbili, nyingine nimekata kwenye magazeti, mzirudishe zikiwa nzima maana kesho naziteremsha Moshi. Kaeni wawili wawili, tena si rafiki na rafiki, kaa na usiyemzoea, kwenye mtihani hawakuchagulii rafiki. Wewe wa dirishani, kaka, ndiyo wewe uliyecheka pale mwanzo, njoo hapa mbele na dada huyu wa sweta la kijani. Chukueni hii ya stendi ya mabasi. Nani ana saa yenye mshale wa sekunde? Haya, toa pumzi kwanza. Unaona nini?